Muulize Bi Karani: Mama tumeshamzika, bili ya nyumba ya wazee inatufuata

*Assalaamu alaikum Bi Karani. Mimi ndiye mkubwa kwa mama yetu, naishi Wete. Mama aliondoka Pemba zamani kumfuata baba London, na huko ndiko alikozeekea. Baba alifariki 2014. Mama akabaki kwenye fleti ya kaunsili (halmashauri ya mtaa) waliyopanga tangu 2003, pamoja na mdogo wangu wa kike aliyehamia kwao 2009. Mwaka jana kiharusi kilimlaza mama upande mmoja, mdogo wangu akashindwa kumnyanyua peke yake, ndipo akapelekwa nyumba ya wazee. Amekaa huko miezi saba, kisha Mungu akamchukua. Kaka yetu, ambaye naye yuko London, akamzika huko huko kwa pauni 3,700 za mfukoni mwake.*

*Matanga hayajapoa, nyumba ya wazee ikamletea kaka bili ya pauni 6,920. Nimeambiwa imeandikwa hivi: mchango wa mama ambao haukulipwa wiki 7, pauni 1,330. Nyongeza ya familia wiki 7, pauni 840. Chumba kwa siku 28 baada ya kifo, pauni 4,600. Kusafisha chumba, pauni 150. Na chumba chenyewe kaka alikitoa vitu vyote siku ya pili baada ya maziko! Kaunsili nao wamemwandikia mdogo wangu kuwa mpangaji amefariki, arudishe funguo ndani ya wiki nne, na kwamba kuna wiki 9 za kodi hazijalipwa, pauni 128 kila wiki.*

*Benki mama ameacha pauni 2,900. Huku kwetu ana haki yake katika shamba la mikarafuu la babu kule Mtambwe, ambalo halijagawiwa tangu babu afe. Kaka anasema tuuze shamba tumalize aibu hii. Ustadh wa hapa mtaani naye anasema deni la maiti ni deni, likiandikwa lilipwe. Mdogo wangu analia kila akipiga simu. Tufanye nini?*

*Binti mkubwa, Wete*

Wa alaikumu ssalaam mwanangu. Mungu amrehemu mama na awape subira nyote.

Shamba lisiuzwe. Hilo ndilo jawabu la wiki hii, mpelekee kaka yako leo hii. Mengine twende nayo taratibu.

Mimi kabla sijarudi Kikwajuni nilikuwa karani wa kodi za nyumba huko huko mashariki mwa London, na barua za namna hii nimeziandika nyingi. Tulikuwa tunazianza “Kwa ndugu wa karibu wa marehemu” kwa sababu hatujui nani anasimamia mali yake. Aliyefungua bahasha ndiye aliyekuwa anaingiwa na hofu, na wengine walikuwa wanakuja kulipa siku ya pili kwa pesa za karo za watoto wao. Hakuna aliyewarudisha mlangoni kuwaambia kwamba si lazima. Kwa hiyo shikeni hili kwanza: kwa sheria ya Uingereza, deni la marehemu hulipwa kwa mali aliyoiacha marehemu. Mtoto hadaiwi kwa sababu ni mtoto, wala kwa sababu jina lake liliandikwa kama ndugu wa kupigiwa simu. Anadaiwa ikiwa mwenyewe alitia saini ya kudhamini.

Na hapo ndipo ninapotaka kaka yako atafute karatasi zote alizotia saini siku mama alipoingizwa. Zote, hata ile aliyoambiwa “weka saini hapa tu”. Nitarudi kwake.

Sasa tuisome bili mstari kwa mstari, maana ni madeni ya watu mbalimbali yaliyofungwa kanga moja.

Pauni 1,330 za mchango. Huko mtu akiingia nyumba ya wazee kwa mpango wa kaunsili, humpima uwezo. Kwa England, mwenye akiba na mali zaidi ya pauni 23,250 hujilipia mwenyewe. Aliye chini ya hapo kaunsili humsaidia, lakini pensheni yake huchukuliwa kuwa mchango wake, akaachiwa kiasi cha pauni 30 hivi kwa wiki za sabuni na matumizi madogo. Mama alikuwa hai, alilishwa, aligeuzwa kitandani, alipewa dawa. Mchango huo ukiwa kweli haukulipwa, ni deni lake la haki. Ila kaka aombe taarifa ya akaunti ya benki ya miezi hiyo aone kama pesa hazikutoka, na aiombe nyumba ya wazee ioneshe ni wiki zipi hasa. Nimewahi kuona wiki moja ikidaiwa na kaunsili na ikidaiwa tena na wenye nyumba ya wazee.

Pauni 840 za nyongeza. Hizi ni 120 kila wiki, na nadhani kaka anajua zimetoka wapi. Nyumba ikiwa ghali kuliko kile kaunsili inachokubali kulipa, familia ikiitaka hiyo hiyo, mtu wa tatu hutia saini kwamba atalipa tofauti. Aliyetia saini ndiye mdaiwa. Si deni la mama, halimhusu mama, na halitoki katika mirathi yake. Kama kaka alisaini, alipe yeye, na nyinyi ndugu zake mumchangie kwa hisani ikiwa mnaweza, kwa kuwa bila shaka alichagua nyumba ile kwa ajili ya mama apate chumba kizuri. Kama hakusaini kitu, aseme hivyo kwa maandishi na ombi la kuoneshwa saini.

Pauni 4,600 za siku 28 baada ya kifo. Hapa ndipo nilipovua miwani nikaifuta nikasoma tena. Mwaka 2018 Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza ilitoa mwongozo kwa nyumba za wazee juu ya mambo haya haya, kwa sababu malalamiko yalikuwa mengi. Msimamo wake ni kwamba malipo baada ya kifo kwa kawaida yasizidi siku 3, na kama vitu vya marehemu bado vimo chumbani, yasivuke siku 10. Kifungu cha mkataba kinachodai wiki nne kwa chumba kilichokwisha kutolewa vitu kinaweza kuhesabiwa si cha haki kwa mteja, na kifungu kisicho cha haki hakimfungi mtu. Kaka aliondoa vitu mara baada ya maziko. Hata tuwape siku 3 kwa bei yao kamili ya 1,150 kwa wiki, haifiki pauni 500. Tena awaulize maswali mawili: chumba kile aliingia mtu mwingine lini? Na kama mama alipokuwa hai kaunsili ndiyo iliyokuwa ikilipa sehemu kubwa, hii bei kamili baada ya kufa wanamdai nani na kwa mkataba upi?

Pauni 150 za kusafisha chumba, kama hakikuharibiwa kitu, aziulizie kifungu. Sitapoteza wino hapo.

Barua aiandikie meneja wa nyumba ile, kwa upole na kwa tarehe. Aseme: nakubali kwamba mchango wa mama ukithibitika utawasilishwa kwa msimamizi wa mali yake, nyongeza naomba nakala ya saini, malipo ya baada ya kifo nayapinga kwa mwongozo wa 2018, mpaka nijibiwe, bili hii ina mgogoro. Wakimjibu vibaya au wakinyamaza, kuna ombudsman wa serikali za mitaa na huduma za jamii, anapokea malalamiko ya nyumba za wazee na hatozi kitu. Asilipe hata pauni kumi “za kuonesha nia njema” kabla ya hapo.

Ama ustadh wenu, mpeni salamu zangu na heshima zake. Nakubaliana naye nusu. Dini yetu iko wazi: katika mali ya maiti hutoka kwanza gharama za kumzika, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na warithi huja nyuma ya hayo yote. Suratun Nisaa aya ya 11 imetaja wasia na deni kabla ya mafungu. Mtu anayemuogopea mama yake kubaki na deni ana haki ya kuogopa. Lakini la kuandikwa na la kudaiwa ni mambo mawili. Mfanyabiashara wa Darajani akikuandikia mzigo usiouchukua, utaulipa kwa kuwa umo kwenye daftari lake? Kwanza deni lithibiti, kisha ndipo tuogope.

Pauni 2,900 za benki. Kadi ya mama iko kwa nani? Nauliza kwa sababu naijua desturi yetu. Mtu akifa, kadi inabaki kwenye mkoba na namba yake anaijua mjukuu. Isitumike tena, hata kwa khitma. Biriani ya khitma si gharama ya maziko, na mkiila kwa mali ambayo wadai bado wanaingojea mtaulizwa hapa na kule. Kaka apeleke cheti cha kifo benki, akaunti ifungwe. Benki nyingi za huko hukubali kulipa gharama za maziko moja kwa moja kutoka akaunti ya marehemu wakipewa risiti, bila kungoja mahakama. Sheria yao nayo, kama yetu, inatanguliza mazishi kabla ya madeni ya kawaida. Muulizeni kaka kwa lugha ya wazi: zile 3,700 alitoa kama sadaka kwa mama yake au alitoa akitaraji kurudishiwa? Yote mawili ni halali. Akisema arudishiwe, zile 2,900 zinamwendea yeye na akaunti inabaki tupu, na nyumba ya wazee London haina cha kukamata. Akisema ni sadaka, basi zipo pesa za kulipa ule mchango wa mama na kubaki.

Vile vile, kuna malipo ya pensheni au posho yanayoingia siku chache baada ya kifo kwa kuwa ofisi hazijaarifiwa. Hayo yatarudishwa, msiyahesabu. Karani wa vizazi na vifo alipoandikisha kifo pengine alimpa kaka namba ya huduma ya kuziarifu idara zote za serikali kwa mara moja. Kama hakuitumia, aitumie.

Sasa fleti, maana huyo mdogo wako ndiye anayenikosesha raha zaidi kuliko bili.

Asirudishe funguo. Asitie saini karatasi yoyote ya kuachia nyumba mpaka akae na mtu anayejua. Mkataba wa nyumba ya kaunsili haufi siku mpangaji anapokufa. Unabaki mikononi mwa mali ya marehemu mpaka umalizwe kwa notisi ipasavyo, au mpaka mtu mwenye haki ya kuurithi aupokee. Na kwa mikataba iliyoanza kabla ya tarehe 1 Aprili 2012, mtoto aliyekuwa akiishi na mpangaji kwa miezi 12 kabla ya kifo, na nyumba hiyo ndiyo makazi yake, anaweza kuupokea. Mkataba wenu ni wa 2003. Mikataba iliyoanza tarehe hiyo ya 2012 au baadaye kwa kawaida humtambua mume au mke tu.

Lakini nisikutie matumaini bure, kuna vizingiti viwili. Cha kwanza: jina la baba lilikuwamo kwenye mkataba? Kama walisaini wote wawili, baba alipofariki 2014 nyumba ilibaki kwa mama, na kaunsili huhesabu hiyo kuwa mara moja ya kurithi. Sheria inaruhusu mara moja. Kama mama alikuwa peke yake kwenye mkataba, kizingiti hicho hakipo. Cha pili: ile miezi saba. Kaunsili watasema mama hakuwa akiishi na binti yake, alikuwa nyumba ya wazee. Jawabu litategemea kama mama alihamia huko moja kwa moja au alipelekwa kwa matumaini ya kurudi. Hapo kila karatasi ina thamani. Ripoti ya hospitali iliyosema atapimwa tena. Barua ya daktari wa mazoezi. Kitanda chake ambacho hakikutolewa. Nguo zake kabatini, dawa zake jokofuni. Mdogo wako apige picha chumba cha mama kabla hajakigusa, na akusanye barua zenye jina lake na anuani ile tangu 2009: benki, kazini, daktari, kadi ya kupigia kura.

Aende na hayo ofisi ya Citizens Advice au Shelter, wote wawili hutoa ushauri bure, na ayapeleke kabla wiki nne hazijapita. Aombe kaunsili kwa maandishi fomu ya kurithi upangaji. Ikiwa fleti ina vyumba vingi kuliko mahitaji yake, wanaweza hata baada ya kumkubali kumtaka ahamie ndogo, lakini kwa hilo wana muda wao maalumu, kati ya miezi 6 na 12 baada ya kujua kifo, na lazima wampe nyingine inayomfaa. Hilo si kufukuzwa.

Na zile pauni 128 kwa wiki? Hapa nitasema kama karani. Aliyelala ndani alipe. Wiki 9 ni pauni 1,152, na mimi sioni kwa nini zitoke kwenye mikarafuu ya Mtambwe wakati mdogo wako ndiye anayefungua mlango ule kila jioni. Kaunsili huenda wasiziite kodi mpaka haki yake iamuliwe, wataziita malipo ya kutumia nyumba. Waziite watakavyo, yeye aziandikie, alipe kila wiki, aombe stakabadhi. Mtu anayeomba kurithi nyumba huku ana malimbikizo anajichimbia mwenyewe. Na kama mshahara hautoshi, aulize msaada wa serikali wa kodi kwa jina lake mwenyewe, ule wa mama ulikufa na mama.

Mkija kukuta hana haki ya kurithi, basi hapo ndipo mkataba umalizwe vizuri: notisi ya wiki nne kutoka kwa msimamizi wa mali, vitu vitolewe, funguo zirudi kwa risiti. Kutupa funguo kwenye sanduku la barua na kuondoka hakumalizi mkataba. Kodi inaendelea kuhesabiwa juu ya mali ya mama, na nimeona familia zikidaiwa miezi kwa fleti tupu.

Nimebakisha Mtambwe. Babu aliacha watoto wangapi? Hukusema, lakini tuseme ni wanaume wawili na wanawake wawili na bibi alishatangulia. Mafungu ni sita, mwanamme mawili, mwanamke moja. Shamba likiwa na mikarafuu 90, ya mama ni 15. Hiyo ndiyo mali yake, na nyingine ni ya wajomba zako na mama mdogo wako, ambao hawadaiwi na mtu yeyote wa London. Kaka yako anaposema “tuuze shamba” anauza na cha watu. Na mhakikishe kwanza kwamba si eka tatu za serikali, zile walizogawiwa watu baada ya Mapinduzi. Hizo haziuzwi hata mkikubaliana nyote.

Basi nendeni kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, wana ofisi Pemba, mkapigiwe hesabu ya mirathi ya babu kwanza ndipo fungu la mama lijulikane. Mtatakiwa cheti cha kifo cha babu, barua ya sheha, majina ya warithi wote waliohai na waliokufa. Cheti cha mama cha huko kaka aulize ubalozi wetu London jinsi ya kukithibitisha kabla hajakituma, ili msirudishwe mlangoni.

Kama akaunti ya benki imeishia kwenye maziko na ule mchango wa pauni elfu moja na kitu umethibiti, mimi kwa imani yangu naona ulipwe kutokana na fungu hili la mama, hata kama mahakama ya London haiwezi kuufikia mkarafuu. Si lazima kuuza. Fungu linaweza kukodishwa kwa msimu, mchumaji akalipa mbele, au mjomba mmoja akalinunua likabaki ndani ya ukoo. Kwa mavuno ya mara moja halitatosha, kwa hiyo kaka aombe kulipa kwa awamu. Nyumba za wazee hukubali awamu zikiona mtu hakukimbia.

Na neno moja la pembeni. Fomu ya kupima uwezo huuliza kama mtu ana mali nje ya Uingereza. Sijui mama au kaka walijaza nini. Wakiulizwa, waseme kweli: fungu la mama katika shamba lisilogawiwa. Thamani yake itakuwa ndogo. Kuficha ndiko kutakakowaletea barua nyingine.

---

*Bi Karani, shikamoo. Babu yetu wa Fuoni aliugua miaka miwili. Tulimtafutia msichana kutoka shamba akamuuguza, akimwosha, akimbadilisha, usiku analala mkekani pembeni mwa kitanda. Tulikubaliana elfu 120 kwa mwezi. Miezi mitano ya mwisho hakulipwa, sisi tulikuwa tunangoja kiinua mgongo cha babu. Sasa babu amefariki, wajomba wanasema msichana alikula na kulala bure, wampe laki moja ya ahsante aende kwao. Mimi naona haya. — Mjukuu, Fuoni*

Marahaba mjukuu wangu. Una haki ya kuona haya.

Mara tano 120,000 ni shilingi 600,000. Chakula na mkeka vilikuwa sehemu ya makubaliano tangu mwezi wa kwanza, na miezi ile mliyomlipa hamkukata hata shilingi ya wali. Kwa nini mkate sasa? Hili ni deni katika mali ya babu, liko mbele ya wajomba wote, na liko mbele ya khitma ya arubaini ambayo nasikia mnaipangia ng'ombe. Kama babu mwenyewe hakuwa ndiye aliyemwajiri bali ni wajomba, basi ni mbaya zaidi kwao: deni ni lao, si la mirathi, na halingoji mirathi ifunguliwe.

Kiinua mgongo kina taratibu zake na kinaweza kuchelewa. Msichana asikingoje. Wajomba wachange leo, waandike, wakija kupata wajirudishie kilicho halali yao. Mumlipe mbele ya sheha au mbele ya mtu mzima wa kwao, atie saini au dole gumba, naye apewe nakala. Na nauli ya kumrudisha kwao ni juu yenu.

Kuhusu pensheni jamii ya babu, ile ya wazee wa miaka 70 na kuendelea: kama kuna aliyeenda kuipokea baada ya kifo, irudishwe, na sheha aarifiwe jina litolewe.

---

*Baba alikuwa amepanga nyumba ya wakf Malindi zaidi ya miaka 30, kodi ndogo sana. Amefariki, mama bado yumo. Ami yetu anasema ule upangaji ni mali ya urithi, ameshampata mtu wa kutoa kilemba cha milioni nne ili aachiwe nyumba, tugawane kwa mafungu. Mtu mwenyewe anauza pikipiki yake apate pesa. — Kijana wa Malindi*

Ami yako anauza nyumba ya watu. Nyumba ni wakf, na nyumba ya wakf haina bei ya funguo. Baba alikuwa mpangaji, aliacha viti, kitanda, sahani, pengine friji. Hivyo ndivyo vinavyorithiwa. Paa na kuta vina msimamizi wake.

Mama asitoke. Bado yuko edda, miezi minne na siku kumi, na makazi yake ya ndoa ni pale. Wewe nenda Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana ukiwa na cheti cha kifo kutoka Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, mkataba wa zamani kama upo, na risiti za kodi za mwisho. Waombeni mkataba uandikwe upya kwa jina la mama. Wanaweza kupandisha kodi, jiandaeni kwa hilo, ya miaka 30 nyuma haiwezi kudumu. Kama kuna miezi baba hakulipa, hayo ni madeni yake, yatolewe katika alichoacha kabla ami hajapiga hesabu ya mafungu.

Mwenye pikipiki mtafute kabla hajaiuza. Kilemba hakina risiti, na siku Kamisheni watakapomkuta ndani bila mkataba atakuja kumdai ami yako, na ami yako atakuwa ameshaigawa.